Bamba la Sakafu Chini ya Mlima Kenya

Gari la kujiundia ni gari ambalo mwenye nalo huletewa fremu, injini na vipande vya bodi vikiwa mbalimbali, kisha akaviunganisha mwenyewe au kwa mkono wa fundi. Uingereza iliuzoea mtindo huo kupitia Lotus Seven, iliyotoka mwaka 1957 na kuuzwa vipande vipande kwa kuwa kodi ya wakati ule ililiangukia gari kamili na kuvisamehe vipuri, na gari lenyewe halikuwa na mengi zaidi ya kizimba cha bomba nyembamba za chuma kilichofunikwa kwa mabamba ya alumini. Seti ya namna hiyo si bidhaa ya madukani Meru wala Embu, chini ya Mlima Kenya, lakini kazi yenyewe si ngeni huko: pikapu hukatwa sehemu ya mizigo ikajengwa upya, Land Rover kuukuu iliyobaki chesisi na injini huvishwa bodi nyingine, na wapo Wakenya wanaounda magari juu ya vizimba vya bomba kwa ajili ya mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989 na ambayo fedha zake zimesaidia kujenga uzio wa umeme wa msitu wa Aberdare na, kuanzia mwaka 2012, ule wa Mlima Kenya unaowazuia tembo wasiingie mashambani. Katika kazi zote hizo hufika siku ambayo mjenzi husimama mbele ya fremu tupu na kuamua ni bamba gani la alumini litakalokuwa sakafu.

Wengi huanza kwa kuuliza ni alumini ipi iliyo ngumu kuliko nyingine. Swali hilo lina jibu rahisi, na urahisi wake ndio unaowaponza wanunuzi, kwa sababu ni mara chache sakafu ya gari kufa kwa kukosa ugumu. Kinachoiua ni maji yaliyokosa njia ya kutoka na kiungo kilichofungwa ovyo. Pale ambapo mvua ndefu huanza Machi na za vuli huanza Oktoba, na udongo mwekundu wa miteremko ya mlima huganda chini ya gari ukakaa na unyevu wake kwa siku kadhaa, busara ni kuchagua bamba kwa kuanzia mahali litakapogusana na fremu, halafu ndipo nguvu yake ihesabiwe.

Sakafu ina kazi mbili ambazo hazina budi kutenganishwa kabla ya fedha kutolewa. Ya kwanza inajulikana na kila mtu, nayo ni kubeba miguu, viti na mzigo. Ya pili hufanyika kimya: fremu ya mstatili ikisukumwa pembeni huelekea kulala na kuwa msambamba, yaani umbo ambalo pembe zake mbili zimefumbata na mbili zimepanuka, na bamba lililobanwa kingo zote nne huizuia isilale. Wahandisi huliita bamba la aina hiyo bamba linalobeba mkazo. Chesisi ya Land Rover au ya pikapu ya Hilux ina mihimili miwili mizito ya chuma iliyounganishwa kwa vipingo, nayo hubeba kila kitu bila kuitegemea sakafu, kwa hiyo bamba la juu yake ni kifuniko tu, na likilegea dereva atasikia kelele lakini gari litaendelea kwenda moja kwa moja. Kizimba cha bomba kisicho na bomba za mshazari chini yake ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa hapo kila riveti ina sehemu yake ya kuibeba kona ya barabara, na sakafu iliyolegea hubadilisha hata mwelekeo wa magurudumu. Mjenzi asiyejua fremu yake iko katika kundi lipi hana sababu ya kuanza kulinganisha bei.

Alumini tupu ni laini mno, na kwa hiyo huchanganywa na metali nyingine kidogo ili ipate nguvu. Mchanganyiko huo huitwa aloi. Aloi hutambulishwa kwa nambari ya tarakimu nne ambayo tarakimu yake ya kwanza hutaja kiungo kikuu. Kundi la 1000 ni alumini inayokaribia kuwa safi, inayokunjika kwa wepesi na kubonyea kwa wepesi uleule, na ndilo lililo jirani zaidi na sufuria za jikoni. Kundi la 2000 lina shaba na hutumiwa katika ndege. Kundi la 5000 lina magnesi, na la 6000 lina magnesi pamoja na silikoni. Baada ya nambari hufuata herufi: H huonyesha kwamba bamba limekakamazwa kwa kusukumwa baridi kati ya roli za kiwandani, na T huonyesha kwamba limekakamazwa kwa joto.

Hapo ndipo jibu rahisi linapoanza kupotosha. Aloi ya 6061-T6 huvumilia mkazo wa takriban megapaskali 275 kabla haijapinda pasipo kurudi, na 5052-H32 huvumilia takriban 195, na mnunuzi anayesoma jedwali kama anavyosoma matokeo ya mtihani atachukua ya kwanza bila kusita. Lakini 6061-T6 ikikunjwa kwenye pembe kali hupata nyufa mgongoni mwa kunjo, wakati mwingine nyufa nyembamba zisizoonekana mpaka rangi ipasuke, na ikichomelewa hupoteza sehemu kubwa ya ugumu wake kandokando ya mshono, kwa sababu joto la kuchomelea hubatilisha lile joto la kiwandani lililoikakamaza. Aloi zenye shaba zina nguvu zaidi bado, ila shaba hiyohiyo huzifanya zilike upesi penye unyevu. Aloi ya 5052, au ndugu yake 5251 inayopendwa na Waingereza, hukunjwa baridi juu ya chuma cha pembe kwa nyundo ya mbao bila kupasuka, huvumilia maji vizuri, na nguvu yake inatosha kwa sakafu yoyote ambayo fremu yake imepangwa kwa akili. Kuichagua ni kukubali nambari ndogo kwenye jedwali ili kupata kitu ambacho jedwali halina safu yake.

Ushahidi wa hoja hiyo umekuwa ukipita mbele ya macho ya watu wa Meru na Embu kwa miongo mingi. Land Rover ilipozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao wa baada ya vita, na kampuni ya Rover ikaamua kutengeneza sehemu kubwa ya bodi kwa Birmabright, aloi ya alumini na magnesi ambayo kwa viungo vyake haiko mbali na 5251 ya leo. Chesisi na ukuta wa mbele unaotenganisha injini na abiria vilibaki vya chuma. Baadaye magari hayo yakawa yakiunganishwa Thika, kwenye barabara hiyohiyo ya kuelekea Embu na Meru, katika kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya na kubadilishwa jina kuwa Kenya Vehicle Manufacturers mwaka 1989. Vipande vililetwa vikiwa vimefungwa makashani, na mtu mwenye kupenda mzaha anaweza kusema kwamba hilo lilikuwa gari la kujiundia ambalo mwundaji wake alikuwa kiwanda kizima. Atakayelala chini ya mojawapo ya yale yaliyosalia atakuta mabamba ya katikati yakiwa mazima, yamekwaruzwa na kubonyea tu, na uharibifu wote ukiwa umekusanyika kwenye mistari ambamo alumini imekaa juu ya chuma. Hapo huonekana unga mweupe uliojaa kwenye mwanya, matundu ya riveti yaliyopanuka yakawa na umbo la yai, na ukingo wa bamba uliovimba na kuchanika matabaka mithili ya chapati.

Unga huo ni zao la ulikaji wa kigalvani, yaani ulikaji unaotokea metali mbili za asili tofauti zinapogusana mahali penye maji, kwa kuwa maji yenye chumvi hata kidogo hukamilisha njia ya umeme kati yao na metali moja hujitoa mhanga kwa ajili ya nyingine. Kati ya alumini na chuma, anayelika ni alumini. Tena zao lake huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyopotea, na kwa hiyo husukuma bamba mbali na fremu, huufungua mwanya zaidi, na kuyakaribisha maji mengine. Ugumu wa aloi hausaidii lolote hapo. Bamba la megapaskali 275 lililoketishwa tupu juu ya bomba la chuma lisilopakwa kitu litaharibika mapema kuliko bamba laini lililotenganishwa na chuma kwa uangalifu.

Maji ya Meru na Embu hayatoki mawinguni peke yake. Miraa ya Igembe, huko Meru, hufungwa vibunda na kuzungushiwa majani ya mgomba ili isinyauke, ikapakiwa kwenye pikapu na gari za Probox zinazokimbilia Nairobi ingali mbichi, na majani hayo hudondosha maji safari nzima. Katika mashamba ya kahawa na chai mzigo wa kawaida ni mbolea, ambayo ni chumvi kwa maana ya kikemia, na punje chache zilizotoboka guniani zikilowa kwenye kona ya sakafu hufanya kazi ya maji ya bahari. Kibaya zaidi, ingawa watu hawakidhanii, ni saruji. Alumini hulindwa na utando mwembamba wa oksidi unaojijenga wenyewe mara metali inapokutana na hewa, na utando huo, ambao huvumilia maji ya mvua kwa miaka, huyeyuka mbele ya vitu vyenye ukali wa alkali kama saruji mbichi, chokaa na majivu ya kuni yaliyolowa. Mwenye gari lililojengwa kwa ajili ya starehe za Jumapili atasema kwamba yeye hatabeba saruji. Atabeba; jirani anayejenga ataomba, na mlimani gari lisilowahi kubeba mzigo wa jirani ni nadra.

Kwa hiyo uchaguzi wa bamba ni uchaguzi wa kile kitakacholitenga na fremu. Bomba za chuma husafishwa mpaka zing'ae, zikapakwa rangi ya msingi yenye zinki, zikaachwa zikauke kabisa, kisha juu yake hupakwa mstari usiokatika wa gundi ya kuziba ya poliyurethani, ile inayobaki na unyumbufu kama mpira baada ya kuganda, na bamba huketishwa gundi ingali mbichi ili riveti ziibane na kuijaza kila mwanya. Silikoni ya madirishani haifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa baadhi yake hutoa asidi inapoganda, na rangi haikubali kushika juu yake. Riveti za alumini za milimita 4.8 zikipangwa kwa nafasi ya sentimita nne hivi hutosha kwa sakafu inayobeba mkazo. Za sakafu iliyo kifuniko tu huweza kuachana zaidi. Riveti za chuma cha kawaida, ambazo zimejaa madukani na bei yake huvutia, huifanya kila riveti kuwa chanzo kipya cha ule unga mweupe.

Unene ni jambo la hesabu fupi. Bamba la kawaida la futi nane kwa nne, ambalo ni milimita 2440 kwa 1220, likiwa la chuma lenye unene wa milimita 1 lina uzito wa kilo 23 hivi. La alumini lenye unene wa milimita 1.5 lina kilo 12, na ukakamavu wake, yaani ukaidi wake wa kukataa kupinda unapokanyagwa, hauachwi nyuma na ule wa chuma. Alumini ni nyumbufu mara tatu kuliko chuma, lakini ukakamavu wa bamba hupanda kwa mchemraba wa unene, ndiyo maana nusu milimita ya ziada hulipa deni lote. Milimita 1.5 hadi 2 hutosha sakafu nyingi, mradi nafasi kati ya bomba na bomba isizidi sana urefu wa unyayo na bamba lipigwe mifereji michache ya kulikakamaza, la sivyo litapiga kelele ya debe kwenye matuta ya murram. Kelele hiyo ni onyo pia, kwa kuwa alumini haina kiwango cha mtetemo ambacho huweza kukivumilia milele kama chuma kinavyoweza. Mtetemo mdogo uliorudiwa mara nyingi mno huja kuwa ufa.

Dukani, unene usinunuliwe kwa geji. Watu waliozoea mabati ya paa ya geji 28 na 30 hujua kwamba nambari ikipanda bati huwa jembamba, lakini geji ina mifumo kadhaa, na bamba la geji 16 laweza kuwa la milimita 1.63 kwa kipimo cha Waingereza, 1.52 kwa kipimo cha chuma cha Wamarekani, au 1.29 kwa kipimo cha Wamarekani cha alumini. Venia ya bei ndogo, ile rula yenye meno mawili ya kubana kitu na kukisoma kwa sehemu za milimita, humaliza ubishi. Bamba la nakshi, lile lenye vidoti vilivyoinuka vya kuzuia utelezi ambalo limekuwa fahari ya wenye pikapu, linastahili mlangoni na kwenye ngazi. Likifanywa sakafu nzima huwa zito, nakshi zake hushika tope, na kiraka hakikai sawasawa juu yake.

Mabamba yenye nambari iliyochapwa kiwandani kwa wino kwa kawaida hutafutwa Nairobi, na gharama ya safari huwafanya wengi waelekee kwenye vyuma chakavu. Huko sumaku haisaidii, kwa sababu haivuti aloi yoyote ya alumini na kwa hiyo haiwezi kutofautisha ya sufuria na ya ndege. Kinachosaidia kidogo ni kukunja kona: iliyo laini hulala palepale, ya magnesi hukaidi kisha ikatii, na iliyokakamazwa kwa joto hurudi nyuma au hupasuka. Bado hilo ni jaribio la kukisia tu. Tena kuna suala la asili ya mali, kwani alama za barabarani na nyaya za umeme ni alumini pia, na uharibifu wa miundombinu ya umeme ndio ulioifanya serikali isimamishe biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kuanzia Januari 2022, juu ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 iliyokwisha kumtaka mfanyabiashara awe na leseni. Bamba lenye maandishi ya barabara upande wa chini huweza kuwa la bei nafuu mno kwa mtu wa kwanza kulinunua na ghali mno kwa wa pili.

Katika meza ya kazi kuna mambo madogo ambayo fundi wa chuma, hata aliye hodari, huenda hajawahi kuyahitaji. Mstari wa kukunja haukwaruzwi kwa ncha ya chuma, kwa kuwa mkwaruzo huo huja kuwa mwanzo wa ufa. Wala hauchorwi kwa penseli, kwa kuwa risasi ya penseli ni kaboni, na kaboni ikikaa juu ya alumini penye unyevu huanzisha ulikaji wake yenyewe. Kalamu ya wino mzito hutosha. Drili hulainishwa kwa mafuta ya taa, la sivyo alumini hunata kwenye meno yake na kulipanua tundu. Baada ya kutoboa, bamba huinuliwa na vile vinyuzi vya metali vilivyobaki kati yake na fremu hufagiliwa, kazi ya dakika chache ambayo isipofanywa huacha mwanya chini ya kila riveti. Jiwe la grainda lililotumika kukata chuma halifai kuguswa na bamba, kwani hupachika chembe za chuma ndani ya alumini, na baada ya mvua ya kwanza kila chembe huwa doa.

Limebaki suala la namna sakafu itakavyofunguliwa, ambalo kwa kawaida hukumbukwa pale gia inapohitaji kushushwa. Sakafu iliyobanwa kwa riveti na gundi kuanzia mbele hadi nyuma ni imara na ni kavu, lakini anayetaka kufikia bomba la breki au waya uliokatika juu ya chesisi atalazimika kuikata, na kipande kilichokatwa kwa haraka kando ya barabara pale Kangeta au Runyenjes hurudishwa kwa skrubu za bati na kipande cha ndala. Afadhali mjenzi auzingatie uhitaji huo angali na bamba zima mkononi: sehemu ya juu ya gia na ya miguu ya dereva ifanywe kipande cha peke yake, kifungwe kwa bolti za chuma kisichoshika kutu juu ya ukanda wa mpira, mshono wake uwekwe juu ya bomba badala ya kati ya bomba mbili, na kila chumba cha sakafu kipewe tundu la kutolea maji mahali palipo chini kuliko pengine gari likiwa limebeba mzigo wake wa kawaida, kwa sababu pikapu tupu iliyopimwa karakanani huinua mkia wake, na tundu lililowekwa kwa kipimo hicho hujikuta liko juu ya maji siku ya miraa.